Kibanda chetu cha katuni kina miaka minane, nataka tuonyeshe filamu ya Supa Modo siku ya sherehe. Nipeni mawazo

Kwa_Katuni (Nairobi)

Wadau, habari za jioni.

Mimi na kaka yangu tuna kibanda cha vitabu vya katuni katikati ya jiji, ghorofa ya pili, ukishapita mafundi wa simu na akina mama wa kusuka. Watoto wanakiita "kwa Katuni". Mwenye jengo anakiita "ile stoo". Tulifungua 2018, kwa hiyo mwaka huu tunatimiza minane. Najua watu husubiri kumi, lakini mwenye jengo ameanza kupitapita na mtu wa vipimo, wakigonga kuta na kuzungumza habari ya kuunganisha vibanda vitatu viwe duka moja la viatu. Kumi huenda isitukute pale. Tunasherehekea nane.

Biashara yenyewe iko hivi. Sehemu kubwa ni majarida ya Marekani yanayokuja ndani ya marobota ya vitabu vya mtumba. Unapata toleo la 14 na la 17 la hadithi moja, la 15 na la 16 yako wapi Mungu anajua, na mteja ananunua hivyo hivyo akajaza pengo mwenyewe. Kuna rafu ya manga, yaani katuni za Kijapani, ambayo ndiyo inayolipa stima. Halafu kuna kamba ya kuanikia nguo tuliyoifunga ukutani, na vibanio, ambapo wachoraji wa hapa wananing'iniza vitabu vyao vya kurasa kumi na sita walivyovitoa fotokopi na kuvibana pini. Kikiuzwa, tunagawana. Asiye na pesa tunamkodishia: shilingi kumi, jina linaandikwa kwenye daftari, kitabu kirudi Ijumaa. Kurasa za wasiorudisha ni nyingi kuliko za waliorudisha, na kaka yangu anazijua kwa moyo kama Zaburi.

Sasa filamu. Supa Modo ya Likarion Wainaina ni rika la kibanda chetu. Ilionyeshwa mara ya kwanza kwenye tamasha la filamu la Berlin, Februari 2018, katika kitengo cha watoto, na majaji, ambao pia ni watoto, wakaitaja kwa heshima maalum. Kwa asiyeijua: Jo ni msichana wa miaka tisa, yuko hospitali, ugonjwa umeshinda dawa. Anapenda filamu za mapigano na mashujaa kupita kiasi. Mama yake anamrudisha nyumbani kijijini, dada yake Mwix anamfanya aamini kwamba ana nguvu za ajabu, na mwishowe kijiji kizima kinashika kamera kutengeneza filamu ambayo Jo ndiye shujaa wake. Dakika 74 tu, Kiswahili, Kikuyu na Kiingereza vikichanganyika jinsi watu wanavyoongea kweli. Hakuna jiji linalolipuliwa.

Mwezi huo huo wa Februari, tarehe 13, Black Panther, ile filamu ya Marekani ya shujaa wa Wakanda, nchi ya kubuni ya Afrika, ilizinduliwa Kisumu, nyumbani kwa kina Lupita Nyong'o anayeigiza humo. Mnaweza kukisia ni ipi iliyojaza kibanda changu. Watoto waliacha kunisalimu, wakawa wanafika mlangoni na kukunja mikono kifuani. Fulana nyeusi tulizileta, zikaisha, tukaleta tena. Silalamiki, Wakanda ndiyo iliyomaliza deni la gudwili, ile pesa ya kuingilia kibanda. Ila kwa miaka minane mtu akiingia kuuliza filamu ya shujaa wa Kenya, ni mimi ninayemwambia kwamba ipo, na kwamba ilitumwa Oscar kwa jina la nchi. Naona wengine wananiangalia kana kwamba nimeitunga pale pale.

Kwa hiyo nataka siku ya kibanda iwe pia siku ya Supa Modo, tena isigeuke siku ya Wakanda. Kinachonikosesha usingizi ni mambo mawili. Moja ni ruhusa, sijui mtu anaanzia wapi. La pili ni zito zaidi: wateja wangu ni watoto, na Jo hafiki mwisho akiwa hai. Mtu anakata keki, halafu anawaonyesha watoto wa watu filamu ya mtoto anayekufa? Kaka yangu anasema tuweke katuni za kuchekesha tumalize. Mimi roho haitaki.

---

fundi_projekta (Nakuru)

Dadangu, ruhusa kwanza, viti baadaye. Nimefunga mitambo kwenye maonyesho mengi ya mitaani na nimeona mengine yakizimwa katikati kwa sababu mwenye shughuli alidhani kuwa na nakala ya filamu ni kuwa na haki ya kuionyesha. Nakala ni ya sebuleni kwako. Ukialika umma, ni jambo lingine.

Bahati yako watayarishaji wako mjini kwako. Ni Ginger Ink, Nairobi, wakishirikiana na One Fine Day Films ya Tom Tykwer, Mjerumani. Ni ushirikiano ule ule uliotoa Nairobi Half Life mwaka 2012 na Kati Kati baadaye. Waandikie barua fupi: tarehe, mahali, watu wangapi, kuna kiingilio au hakuna. Hilo la kiingilio usiliache, ndilo watakalouliza kwanza. Waambie pia ni sherehe ya duka la katuni. Filamu yenyewe inahusu mtoto anayeishi kwa ajili ya mashujaa wa kwenye skrini, sioni kwa nini wasifurahi.

Halafu kuna Bodi ya kuainisha filamu, KFCB. Maonyesho ya umma yanaangukia kwenye Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, kwa hiyo uliza ofisini kwao mapema. Usingoje wiki ya mwisho, kwa sababu watakuomba karatasi ya ruhusa ya watayarishaji na wewe bado unaisubiri.

Kuhusu mahali: usikubali mtu akuambie ufanye nje, kwenye ukuta. Nairobi jua linazama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, giza la kutosha skrini ni saa moja. Ukiongeza dakika 74, hotuba na ile dakika ishirini ambayo hupotea daima, unawatoa watoto saa tatu usiku wakitafuta matatu. Tafuta ukumbi, funika madirisha, onyesha saa nane mchana.

Na sauti! Watu wanahangaika na picha wakati sauti ndiyo inayoharibu shughuli. Filamu hii ina sehemu nyingi za watu wawili wakiongea polepole chumbani. Jenereta ikinguruma dirishani, umeonyesha filamu bubu.

---

mtaa_wa_sani (Dar)

Hongera sana dada. Huku kwetu ukisema katuni, mtu wa umri wangu anakumbuka Sani tu: Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Madenge, Pimbi. Jarida moja lilizunguka nyumba nzima, halafu nyumba ya jirani, likirudi halina jalada. Baadaye akaja Kingo wa James Gayo. Maduka ya vibonzo vitupu kama la kwako sikuyaona, tulinunua kwa muuza magazeti.

Nina wazo, likikufaa. Dar tulikuwa na Lufufu, yaani marehemu Derek Mukandala, aliyekuwa akitafsiri filamu za nje kwa Kiswahili kwenye vibanda vya video. Jambazi wa Hong Kong alitukanwa kwa lafudhi ya Kariakoo na watu wakaamini. Ninyi mna DJ Afro. Kwa nini siku hiyo usilete mtu wa aina hiyo akasimama pembeni ya skrini?

---

fundi_projekta (Nakuru)

@mtaa_wa_sani nampenda DJ Afro kama wewe, lakini Supa Modo tayari iko kwa Kiswahili. Atatafsiri nini? Na ukisema aweke filamu fupi ya karate kabla yake, hiyo nayo inataka ruhusa yake.

---

mtaa_wa_sani (Dar)

Ndugu fundi, hujanisubiri nimalize. Sisemi atafsiri filamu. Atafsiri KURASA. Hivyo vitabu vya fotokopi vilivyo kwenye kamba, wachoraji wenyewe wapo, ruhusa unaipata kwa kumwita mtu jina. Piga picha kurasa tano sita za kila kitabu, zipitishe ukutani moja baada ya nyingine, na jamaa mwenye sauti azisome: mlango, ngumi, bibi anayepiga kelele, pikipiki. Mtoto aliyezoea kusoma kimya ataona kitabu cha shilingi hamsini kikiwa kikubwa kama ukuta. Hapo ndipo duka linasherehekewa, maana filamu ina wenyewe tayari.

---

Kwa_Katuni (Nairobi)

@mtaa_wa_sani nimemsomea kaka yangu hii kwa sauti na amekaa kimya, jambo ambalo halitokei. Tunalichukua. Kuna mchoraji wetu mmoja ana hadithi ya makanga wa matatu anayeweza kusimamisha muda, lakini kwa sekunde za kutosha kurudisha chenji tu. Hiyo inataka sauti.

@fundi_projekta asante, barua naiandika kesho. Ukumbi wa kanisa upo karibu, madirisha yake ni makubwa.

Bado lile la pili.

---

mama_wa_wawili (Mombasa)

Naingia hapo hapo. Mimi nasema hapana. Filamu nimeiona na ni nzuri, sibishani. Lakini mzazi akimleta mwanawe kwenye sherehe ya katuni, ameambiwa kuna keki, na mtoto akirudi nyumbani usiku anamwuliza "mama, mimi nikiugua mtaniambia ukweli?", huyo mzazi ana haki ya kukukasirikia. Sherehe ni ahadi. Ukialika watu furahani, wape furaha. Msiba una siku yake na mavazi yake.

---

mwalimu_darasa_la_tano (Machakos)

Mama wa wawili, nakuelewa, na nilikuwa na hofu hiyo hiyo kabla ya kuitazama na wanafunzi wangu wa klabu ya uigizaji. Nikawaambia wazi kabla hatujaanza: Jo ni mgonjwa na hatapona. Sikutaka liwe jambo la kuwashtukiza.

Kilichotokea hakikuwa nilichojiandalia. Hawakubishana juu ya kifo hata kidogo. Walibishana juu ya Mwix. Je, alidanganya? Nusu ya darasa walisema dada anayemwambia mgonjwa kwamba ana nguvu za ajabu ni mwongo, na uongo ni dhambi hata ukiwa mtamu. Nusu nyingine walisema Jo alijua, alikuwa anamsaidia Mwix kucheza. Kijana mmoja akasema kijiji kizima kilidanganya, kwa hiyo haikuwa uongo tena, ilikuwa mchezo wa kuigiza. Hao ni watoto wa miaka kumi na kumi na moja! Kengele ya chakula ililia wakabaki wamekaa.

Halafu mwingine akauliza, "Mwalimu, adui yuko wapi?" Maana amezoea kila shujaa ana adui mwenye joho jeusi. Wakapendekeza ni ugonjwa, wengine wakasema ni mama, kwa sababu ndiye anayemtaka Jo akae ndani apumzike. Msichana mmoja akamtetea mama kwa hasira hadi ikabidi nimkalishe.

Kwa hiyo ushauri wangu: usiionyeshe kama kitindamlo cha sherehe. Itenge. Andika kwenye bango kwamba ni hadithi ya mtoto mgonjwa na kwamba anafariki, wazazi waamue wenyewe. Umri uanzie miaka tisa au kumi. Na ikiisha usiwashe muziki. Acha robo saa ya maneno, na uwe na mtu anayejua kuongoza watoto, kaka yako na daftari lake la madeni asikaribie.

---

mama_wa_wawili (Mombasa)

Hilo la bango nalikubali. Mzazi akisoma akaamua, amejua. Wadogo nao wapewe kitu chao wakati huo, wasikae nje wakilia kwamba wakubwa wanaona sinema. Hilo la adui limenifanya nicheke peke yangu.

---

kumbukumbu_za_wino (Nairobi)

Nimechelewa, lakini nina mawili.

Kwanza, dada, usijionee haya fulana za Wakanda. Maduka ya katuni duniani kote yameegemea filamu kubwa tangu zamani. Ile siku ya Marekani ya kugawa katuni bure, Jumamosi ya kwanza ya Mei, ilianza tarehe 4 Mei 2002, siku moja tu baada ya filamu ya Spider-Man kuingia kwenye majumba ya sinema. Aliyetoa wazo ni mwenye duka la kawaida, Joe Field wa Concord, California. Wazo lilimjia alipoona foleni ya aiskrimu ya bure karibu na duka lake, na tarehe ikapangwa ili umati wa sinema upitie madukani. Nawe Februari 2018 umati ulipita mlangoni kwako ukafungua mlango. Kuna ubaya gani? Ubaya ungekuwa kuuza fulana tu bila ile kamba ya wachoraji.

Pili, unasema Supa Modo ilifunikwa na Wakanda. Ilifunikwa mara mbili mwaka mmoja. Mara ya pili ni Rafiki ya Wanuri Kahiu, filamu ya wasichana wawili wanaopendana. Hiyo ilipigwa marufuku nyumbani Aprili 2018, Mei ikaenda tamasha la Cannes, kesi ikafika Mahakama Kuu, na Septemba ikaruhusiwa kuonyeshwa siku saba. Nchi nzima ilikuwa inabishana juu yake, na katikati ya ubishi huo kamati ikachagua Supa Modo iwakilishe Kenya kwenye Oscar. Watu wakaandika habari za iliyoachwa, kwa sababu ndiyo yenye moto, na iliyochaguliwa ikapata mstari mmoja. Ndiyo maana wateja wako wanakuangalia kana kwamba umeitunga. Haikuwa na kashfa ya kuitangaza, ilikuwa na msichana na kijiji tu.

Tena kitu kimoja, ni ombi. Usiandike kwenye bango "tangu 2018" kana kwamba katuni za Kenya zilizaliwa na kibanda chako. Tenga ukuta mmoja kwa wazee. Juha Kalulu wa Edward Gitau, ambaye wengi wetu tulimsoma Taifa Leo kabla ya kusoma habari yoyote. Jarida la Joe la Hilary Ng'weno na Terry Hirst, 1973. Frank Odoi, Mghana aliyefanya Nairobi nyumbani na kutuchorea Golgoti na Akokhan, ambaye tulimpoteza 2012 kwa ajali ya matatu. Shujaaz kuanzia 2010, iliyogawiwa bure ndani ya gazeti na kwa mawakala wa M-Pesa, na ndiyo iliyowafanya vijana wengi waone Sheng imeandikwa na kuchorwa vizuri. Nina nakala za Shujaaz za mwanzo kwenye boksi. Nitakuazima. NARUDIA, kuazima. Nimesikia habari ya daftari.

---

Kwa_Katuni (Nairobi)

Jamani. Nilikuja na maswali mawili naondoka na kazi ya mwezi mzima.

Hivi ndivyo tulivyoamua mimi na kaka, naye amekubali kwa shingo upande. Sherehe ya kibanda ni asubuhi, pale pale ghorofani: keki, ukuta wa wazee, na kurasa za wachoraji kwa sauti, kama alivyosema mtaa_wa_sani. Mafundi wa simu wamekubali kuzima redio zao kwa saa mbili, wakitaka malipo ya keki. Filamu ni mchana, ukumbi wa kanisa, bango lenye maneno ya mwalimu, na nimempata mwalimu mstaafu wa kuongoza mazungumzo. Nitamwomba aanze na lile la Mwix. Wadogo watabaki kibandani na karatasi na kalamu za rangi, wachore shujaa wao, na anayetaka afungwe leso ya mama shingoni kama joho la shujaa, apigwe picha. Kiingilio hakuna. Hilo nimeliandika kwenye barua mstari wa kwanza.

Na siku hiyo tutakuwa na msamaha. Yeyote aliyekodi kitabu tangu 2018 akakirudisha, hata kama hakina jalada, jina linafutwa mbele yake na anapewa kipande cha keki. Kaka yangu ameomba afute yeye mwenyewe, kwa kalamu nyekundu. Nimemruhusu. Kuna mmoja alikodi toleo la 15 la ile hadithi niliyowaambia, na nina wateja wanaolingoja miaka yote hii.

Tarehe nitaiweka hapa nikishapata jibu la watayarishaji, kabla ya hapo sichapishi bango. Viti hamsini vya kanisa vipo. Kinachokosekana ni pazia zito la madirisha, spika mbili zisizokwaruza, na mtu wa Nairobi mwenye sauti ya kibanda cha video ambaye haogopi watoto. Mwenye kumjua aniandikie.

---

fundi_projekta (Nakuru)

Spika ninazo. Nauli ya kwenda na kurudi, na chakula cha mchana. Keki sili.